Kenya ni Kirinyaga iliyotamkwa vibaya?

Msomaji anauliza: "Shuleni tuliambiwa Kenya ni Kirinyaga, ila Waingereza ulimi uliwashinda. Rafiki yangu Mkamba anasema wapi, hilo ni neno lao. Nani mkweli?"

Rafiki yako yuko karibu zaidi, japo asishangilie mapema. Hiyo stori ya Mwingereza na ulimi mzito haisimami, manake aliyeliandika hilo jina mapema hata hakuwa Mwingereza, alikuwa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, na Mlima Kenya, ule Wakikuyu wanaouita Kirinyaga, aliuona Desemba 1849 akiwa Kitui, mgeni wa Kivoi, yule Mkamba tajiri wa misafara. Serikali ya Waingereza ilikuja 1895, miaka 46 baadaye! Krapf aliandika alivyosikia, mara Kenia mara Kegnia, na waliokuwa wanamtajia ni Wakamba.

Sasa msikilize Mkamba akiongea. Ile g ya Kikikuyu kwake mara nyingi haipo kabisa: mgeni Mkikuyu anamwita mũgeni, Mkamba anasema mũeni, shamba kwa Mkikuyu ni mũgũnda, kwa Mkamba mũũnda. Ipitishe nyaga hapohapo utapata nyaa, na mlima unakuwa Kĩnyaa. Na hiyo ĩ yenye kofia sio i yetu ya Kiswahili, inasikika karibu na e, ndo maana Mjerumani akaandika Ke. Waembu nao wana Kirenyaa yao. Yaani hakuna Mzungu aliyemeza silabi hapa, zilishamezwa kitambo na wenyewe kwa wenyewe, na Kirinyaga ni ndugu tu, sio mzazi.

Maana je? Nyaga ni mbuni, na ukimtazama dume, manyoya meusi na meupe, halafu ukatazama mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, mwamba mweusi na theluji imekaa vipandevipande, huhitaji kamusi. Wapo wanaosema nyaga ni mng'ao, wakitaja Mwenenyaga, jina la Mungu, na hao siwapingi sana. Ila ile "mahali Mungu anapopumzika" inayozunguka mitandaoni sio tafsiri bana, ni imani kuhusu mlima, hakuna kupumzika popote ndani ya hilo neno.

Halafu koloni lilipopewa jina la mlima 1920 Waingereza wakawa wanatamka "Kiinya". Kwa hiyo hii e unayoitamka wewe leo iko karibu na Kikamba kuliko ile yao.