Kwa mnaoanza kupokea malalamiko ya haki za binadamu Mombasa

Wadogo zangu, wengi wenu huja mnaizungumzia Geneva. Si vibaya. Kenya ina kiti katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, lililoko Geneva, kwa muhula wa 2025 hadi 2027, na nchi haiombi kiti kile bila kutoa ahadi. Lakini mama wa Kisauni ambaye mwanawe amechukuliwa usiku hakuja afisini kusikia hayo.

Muulize amechukuliwa saa ngapi, na nani, kwa gari gani, na kama kuna namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Saa isikupite. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiisha mahakama imefungwa, basi siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni kuna machungu yake. Andika maneno ya mama kama alivyoyasema. Ya sheria mwachie wakili. Na msimrudishe nyumbani eti hana pesa: kwa kifungu cha 22, kufungua shauri la kutetea haki za Katiba hakutozwi ada.

Geneva sasa. Kifungu cha 2(6) kinaufanya mkataba ulioridhiwa na Kenya kuwa sehemu ya sheria za Kenya, kwa hiyo kilichoahidiwa ng'ambo chadaiwa hapa hapa, Mahakama Kuu ya Mombasa. Serikali pia hupimwa Geneva na nchi nyingine kila baada ya miaka michache, na mapendekezo inayoyakubali huchapishwa. Yasomeni. Barua inayomkumbusha mkubwa yale serikali yake iliyoyakubali huwa ngumu kuipuuza, japo wapo wanaoipuuza.

Ila msitarajie haraka. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walishinda mahakamani hapa Mombasa mwaka 2020 na kupewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na hadi Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikawarejeshea fidia yao. Kesi ya miaka mingi namna hiyo hula karatasi. Cheti cha hospitali, fomu ya P3 (ya polisi, ya kuthibitisha majeraha), risiti, vyote toeni nakala siku ile ile, na asili mumrudishie mwenyewe.