Maswali Yenu: Kupanga Chumba cha Bei Nafuu Pune

Barua za safari hii zinahusu mji mmoja, Pune, nchini India, ambako wanafunzi wengi kutoka Afrika Mashariki huenda kusoma. Tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Binti yangu anaanza chuo Pune mwezi Julai. Kuna mtu kwenye tovuti ya nyumba ametutumia picha za chumba mtaa wa Viman Nagar, anataka kodi ya mwezi mmoja na amana kabla binti hajasafiri, eti wateja ni wengi. Tulipe? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Msilipe, mzazi wetu, hata kama picha ni nzuri na bei ni ya kuvutia. Hasa kama bei ni ya kuvutia. Ulaghai huu unafahamika sana India: mtu hujitambulisha kuwa ofisa wa jeshi aliyehamishwa kituo, anatuma picha ya kitambulisho, kisha anatuma msimbo wa QR akisema uusome kwa simu ili “arudishe” rupia chache za majaribio. Katika mfumo wa malipo wa UPI, anayepokea pesa hahitaji kuingiza PIN. Ukishaiingiza, wewe ndiye umelipa.

Andikieni ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, muombe nafasi ya hosteli. Ikikosekana, ombeni nyumba ya wageni ya chuo kwa wiki mbili. Binti afike siku kumi kabla ya masomo, aone vyumba kwa macho yake. Juni hadi Agosti kila mtu anatafuta, kwa hiyo bei iko juu, lakini msimu huo una faida moja kubwa: mvua za monsuni zinaendelea, na nyumba inayovuja haiwezi kujificha. Aangalie pembe za dari, ukuta nyuma ya kabati, na ukuta unaopakana na bafu. Rangi mpya kwenye kipande kimoja tu cha ukuta ni dalili mbaya.

SWALI: Kipi ni rahisi, PG (nyumba ya kupanga kitanda) au kupanga fleti na wenzangu? (Mwanafunzi mtarajiwa, Kigoma)

JIBU: Inategemea una pesa kiasi gani siku ya kuingia, si kodi ya mwezi peke yake.

Katika PG unapanga kitanda. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili hadi wanne, na mara nyingi ina usafi, intaneti na chakula ndani yake. Amana kwa kawaida ni ya mwezi mmoja, na ukienda mwenyewe mlangoni humlipi dalali. Soma masharti kabla ya kutoa hata rupia moja. Geti linafungwa saa ngapi? Umeme umo kwenye kodi, au kuna mita ya ndani yenye bei aliyoipanga mwenye nyumba? Je, kuna kipindi ambacho ukihama kabla hakijaisha unapoteza amana yote? Na chakula: PG nyingi hupika mboga tu. Onja mlo mmoja kwanza. Usipokipenda utakuwa unalipia chakula mara mbili, cha PG na cha mgahawani, na unafuu wote umeisha hapo.

Fleti hutajwa kwa vifupisho. 1RK ni chumba na jiko, 1BHK ni chumba cha kulala, sebule na jiko, 2BHK ina vyumba viwili vya kulala. Tuseme mko watatu na 2BHK ni rupia 24,000 kwa mwezi. Kila mmoja 8,000, inaonekana rahisi. Sasa hesabu siku ya kwanza: kodi 24,000, amana ya miezi miwili 48,000, dalali kodi ya mwezi mmoja 24,000. Jumla 96,000, yaani 32,000 kila mmoja, na bado hamna kitanda, kwa sababu fleti inayotangazwa kuwa na samani kiasi huwa na feni, taa, kabati na hita ya maji, basi. Vitanda na majiko nunueni kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao huuza kila kitu Mei na Juni.

Umeme wa nyumbani katika jimbo la Maharashtra hupanda bei kwa ngazi: yuniti 100 za kwanza za mwezi ndizo rahisi, kisha ngazi hubadilika kwenye 300 na 500. Watu wanne kwenye mita moja, kila mmoja na hita yake ya bafuni, huvuka ngazi haraka.

Ushauri wetu kwa anayefika mara ya kwanza ni PG yenye notisi ya siku 30, kwa miezi mitatu. Ukishawajua wenzako, na ukishajua nani analipa kwa wakati, ndipo mtafute fleti.

Kuhusu mtaa, usijibane karibu na lango la chuo. Viman Nagar ni ghali kwa sababu wanafunzi wote wanaitaka. Treni ya metro inatoka Vanaz, upande wa Kothrud, inapita Nal Stop, Deccan Gymkhana na stesheni kuu ya reli, hadi Ramwadi, na kutoka hapo Viman Nagar ni mwendo mfupi kwa bajaji. Tafuta kwa miguu mitaa iliyo dakika kumi kutoka stesheni yoyote ya njia hiyo. Kondhwa ina nyama halali na wageni wengi, ila metro iko mbali. Wagholi utavutiwa na bei, lakini majengo mengi huko hutegemea maboza ya maji. Uliza maji ya bomba yanafunguliwa saa ngapi, na Aprili na Mei nani hulipia boza. Muulize mlinzi wa jengo, maana dalali atakujibu unachotaka kusikia.

SWALI: Mwenye nyumba anasema tusiandikishe mkataba, atupunguzie rupia 1,000 kwa mwezi. Tukubali? (Wanafunzi wawili, Pune)

JIBU: Hapana, ndugu zetu. Hapa ndipo wageni wengi huumia.

Anayekaa na viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujisajili FRRO, ofisi ya usajili wa wageni, ndani ya siku 14 tangu kufika. Maombi hufanyika kwenye tovuti ya e-FRRO, na utadaiwa pasipoti, viza, barua ya chuo na uthibitisho wa mahali unapoishi, kama mkataba huo. Mwenye nyumba naye anatakiwa kuitaarifu FRRO kuwa mnaishi kwake, kupitia Fomu III, ambayo wengi bado huiita Fomu C, ndani ya saa 24 tangu mhamie. Anafungua akaunti kwenye tovuti ya FRRO, anajaza namba ya pasipoti na ya viza, anawapa nakala. Ni kazi ya dakika chache, lakini wengi huikwepa kwa kuogopa maswali ya kodi ya mapato. Muulizeni siku ya kwanza ya kuona nyumba, kabla ya kuzungumza bei: “Fomu C utajaza?” Akisita, ondokeni. Mkihama baadaye, anwani mpya nayo lazima ipelekwe FRRO.

Mkataba wenyewe Pune huwa wa miezi 11, na lazima uandikishwe. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya Maharashtra ya mwaka 1999, kifungu cha 55, inamtaka mwenye nyumba ndiye auandikishe. Usipoandikishwa na mgogoro ukatokea, maelezo ya mpangaji kuhusu masharti ndiyo hushikwa hadi yapingwe kwa ushahidi, na mwenye nyumba anaweza kufungwa hadi miezi mitatu au kutozwa faini hadi rupia 5,000. Mwambieni hivyo kwa heshima.

Gharama si kubwa. Kwa ushuru wa stempu, jumlisha kwanza kodi yote ya kipindi na asilimia 10 kwa mwaka ya amana; ushuru ni asilimia 0.25 ya jumla hiyo. Kwa ile fleti ya 24,000 inakuja karibu rupia 700, na ada ya kuandikisha mjini ni 1,000. Uandikishaji wa mtandaoni hutumia alama za vidole za Aadhaar, namba ya utambulisho ya wakazi wa India, ambayo mgeni aliyefika karibuni hana, kwa hiyo jiandaeni kwenda ofisi ya msajili na pasipoti zenu.

SWALI: Nawezaje kuhakikisha amana inarudi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kazi hiyo inafanyika siku ya kuingia. Piga video ya kila chumba, fungua kila bomba na hita, piga picha mita ya umeme ikionyesha tarakimu, na umtumie mwenye nyumba vyote siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Lipa amana kwa benki, si taslimu. Kwenye mkataba yaandikwe mambo matatu: amana irudishwe siku ya kukabidhi funguo, gharama ya kupaka rangi itajwe kwa kiasi au ifutwe, na notisi ni ya siku ngapi. Kosa la kawaida ni kutoa notisi kwa mdomo. Iandike.

SWALI: Tumekataziwa kupika nyama, na gesi hatuna. (Mwanafunzi, Pune)

JIBU: Masharti ya mboga tu ni ya kawaida katika majengo mengi, na ni afadhali kuyajua kabla ya kulipa. Ukishaingia kwa sharti hilo, liheshimu. Kuhusu gesi, mtungi wa nyumbani wa kilo 14.2 unahitaji uandikishwe kwa jina na anwani, kwa hiyo mwombe mwenye nyumba akuachie wake. La sivyo nunua mtungi mdogo wa kilo 5 kwa wakala wa gesi. Huo huuzwa kwa kuonyesha kitambulisho, na pasipoti inatosha.