Niache chakula ninywe poda?

SWALI

Habari za kazi, Mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, kazi yangu ni kupitisha mizigo hapa mpakani Busia. Nina kilo 94, nataka nifike 85, na jioni nanyanyua vyuma. Kocha wetu wa jimu ameniuzia kopo la poda ambalo bei yake ingelipa kodi ya chumba cha mwezi mzima hapa mjini. Ameniambia nikoroge kijiko kimoja na maji mchana, kingine usiku, chakula niache. Kilo zimeanza kushuka kweli. Lakini nasikia kizunguzungu nikiwa kwenye vyuma, choo kimekuwa kigumu, na nyumbani mama amenuna kwa sababu posho yake, yaani ugali, siigusi. Nyuma ya kopo wameandika kwamba kijiko kimoja kina kalori 120, protini gramu 24, wanga gramu 3, mafuta gramu 1.5. Niendelee?
M., Busia

JIBU

Mwanangu M., umefanya vizuri kuninakilia maandishi ya nyuma ya kopo. Wengi hunitajia jina lililoko mbele tu, na kwa jina siwezi kumsaidia mtu.

Usiendelee hivyo. Ulichouziwa ni poda ya protini, si mlo. Angalia hizo kalori 120: karibu zote zinatoka kwenye protini, wanga ni kidogo mno na mafuta hayafiki hata nusu ya kijiko cha chai. Poda ya kushika nafasi ya mlo ni bidhaa nyingine kabisa, ingawa dukani makopo hukaa rafu moja na yanafanana kama mapacha. Kanuni za kimataifa za vyakula, zile za Codex, zinataka poda ya namna hiyo kwa mtu anayepunguza uzito itoe kalori kati ya 200 na 400 kwa kila mlo, pamoja na vitamini na madini yake. Yako haifiki hata kile kiwango cha chini. Ukijumlisha mchana na usiku unapata kalori 240, halafu unakwenda kuinua vyuma. Kizunguzungu kitakosaje? Na choo kitalainika kwa nini, wakati humo ndani hamna maharage, mboga wala tunda?

Hizo kilo zilizoshuka, sehemu yake ni maji, na ukizidi kujinyima mwili utakula hata misuli unayoitafuta.

Huenda kocha amesikia habari za utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017, ambapo wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliacha chakula wakaishi kwa poda miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka 46 katika kila 100 sukari yao ilikuwa imerudi chini bila dawa. Ni kweli, na nimefurahi nao kuliko mtu yeyote. Ila wale walipewa poda za mlo kamili, kalori kama 830 kwa siku, chini ya macho ya wauguzi na wataalamu wa lishe, na baadaye wakarudishwa kwenye chakula polepole. Kijana anayekimbizana na malori juani hawezi kuiga hayo peke yake.

Sasa kopo umeshalilipia, tulitumie. Najua mchana wa mpakani: karatasi za mzigo hazijatoka, saa tisa inafika, unasimama kwenye kibanda na kula kikomando, chapati na maharage, pamoja na soda. Chapati mbili za mafuta zinaweza kupita kalori 500 kabla maharage hayajamwagwa juu. Huo ndio mlo wa kubadilisha, mmoja tu. Chukua kijiko chako cha poda, badala ya maji weka robo lita ya maziwa, yaani mililita 250, kisha kula ndizi moja mbivu ya bogoya. Hapo una kalori kama 370 na protini gramu zaidi ya 30. Beba poda ikiwa kavu kwenye chupa, maziwa uyanunue saa ya kunywa. Ukikoroga asubuhi ukaacha kwenye joto la Busia hadi mchana, utaugua tumbo. Maziwa yakikujaza gesi, jaribu bongo, yaani maziwa ya mgando. Siku ambayo huna maziwa, chapati moja, maharage mengi na mayai mawili ya kuchemsha vinatosha sana, na mayai hayo peke yake yana protini gramu 12.

Usiku kaa mezani na mama yako. Nakuomba hili kwa moyo wangu wote. Punguza posho, iwe kama ngumi yako, ongeza mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati hadi zijaze nusu ya sahani, na akipika mukene, wale dagaa wadogo, usiukatae: unaliwa na mifupa yake, kwa hiyo unakupa protini na kalisi kwa pamoja. Mwambie tu asizidishe mafuta. Mtu anayefanya mazoezi kama wewe anahitaji protini gramu 1.4 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Tukihesabu kwa zile kilo 85 unazozitaka, anza na 120. Maharage, mayai, mukene, njugu na kijiko kimoja cha poda vitakufikisha bila kopo la pili.

Ukinunua tena, nunua kopo ambalo halijafunguliwa, lenye tarehe ya mwisho. Poda iliyopimwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, usiiguse, huwezi kujua imechanganywa na nini. Na kama umewahi kuambiwa una tatizo la figo au sukari, simamisha poda leo hadi uonane na daktari. Kizunguzungu kisipoisha ndani ya wiki moja ya kula hivi, nenda kituo cha afya wakupime presha, sukari na damu, na vyuma viache mpaka majibu yatoke.