Ukilala kifudifudi na mwili ni mzito, godoro lipime kwa mizani

Nina kilo 107 na nalala kifudifudi tangu utotoni. Nimejaribu ubavu, nimejaribu chali, lakini usingizi haunijii mpaka nigeuze tumbo chini. Kwa hiyo sitakuambia ubadilishe ulalaji wako. Nataka kukueleza nilivyopata godoro linalonibeba, maana kabla ya hapo niliumwa mgongo karibu miaka miwili, na wateja wangu wengi hapa Majengo, Dodoma, wenye mwili kama wangu naona wanapita njia ileile niliyopita.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, madera, mapazia, na kava za magodoro. Hata hivyo nilipokwenda kununua godoro langu la kwanza la maana, nilichagua kwa macho. Lilikuwa futi tano kwa sita, unene inchi 10, kava limedariziwa maua ya rangi ya dhahabu. Nililibonyeza kwa kiganja, likabonyea vizuri na kurudi, nikaona huu ndio ulaini ninaoutaka baada ya kutwa nzima kuinamia mashine. Muuzaji akaniambia inchi 10 ndiyo ya watu wazito. Nilimwamini, kwa sababu inaingia akilini: mtu mnene, godoro nene.

Miezi saba baadaye, pale kiuno kinapolala palikuwa na bonde. Alfajiri nilikuwa siwezi kuinama kuokota kandambili. Mume wangu, ambaye ana kilo 66 tu, usiku kucha alikuwa anateremkia upande wangu.

Sababu yake ni hii. Ukilala kifudifudi, sehemu nzito kuliko zote ni tumbo na nyonga, nazo ndizo zinazozama kwanza, huku kifua na miguu vikibaki juu. Mgongo unapinda kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi, na pingili za chini za uti wa mgongo zinabanwa saa zote za usingizi. Anayelala ubavu anahitaji godoro limpishe bega na nyonga. Sisi wa kifudifudi tunahitaji lisitumeze popote.

Kilichonifungua macho ni godoro la mteja. Mama mmoja kutoka Nkuhungu aliniletea lake nilishonee kava jipya. Lilikuwa futi tano kwa sita pia, inchi 8, na alisema amelilalia miaka kumi na moja. Nilipovua kava la zamani nikakuta sponji limegeuka rangi ya chai lakini limenyooka kama meza. Nilitaka kulisogeza ukutani kwa mkono mmoja, kama ninavyosogeza la kwangu, likanishinda. Nikajiuliza: jembamba kuliko langu, mbona zito hivi?

Jirani yangu anauza uwele na mtama, ana mizani ya magunia. Tukalipima lile godoro bila kava: kilo 17. Jioni nikaleta langu: kilo 12. Langu lilikuwa nene zaidi, lakini lilikuwa jepesi. Kumbe nusu ya nilichonunua ilikuwa hewa.

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo natamani kila mtu aijue kabla hajatoa pesa. Sponji hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa mita, kisha gawanya uzito kwa jibu hilo. Futi sita ni mita 1.83, futi tano ni mita 1.52, inchi 8 ni sentimita 20 na kidogo. Kwa hiyo godoro la yule mama lina ujazo wa mita 0.56 hivi, na kilo 17 ukizigawanya unapata kama 30. Langu lilikuwa na ujazo wa karibu mita 0.70, na kilo 12 zinatoa 17. Sponji la 17 au 18 linamfaa mtoto, au chumba cha mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka. Mtu mwenye kilo 100 na kuendelea, ninavyoona mimi, asishuke chini ya 28, na akipata 30 au zaidi atakuwa amejitendea haki. Kama duka halina mizani, waulize kiwandani linaandikwa namba gani. Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakujibu, na anayekuonyesha maua ya kava tu, mshukuru uendelee mbele.

Lakini mizani peke yake inaweza kukudanganya, kwa njia mbili. Kwanza, yapo magodoro yaliyogundishwa kwa vipande vya mabaki ya sponji. Haya ni mazito sana na magumu sana. Fungua zipu utazame: ukiona madoa ya rangi nyingi yameshikana kama mosaiki, ndiyo hayo. Si mabaya kama tabaka la chini, ila yakiwa godoro zima utalala kama juu ya sakafu, na gundi ikichoka vipande vinaachana. Pili, sponji jingine huongezewa unga wa chokaa kiwandani ili lipate uzito. Sugua pembe kwa vidole kwa nguvu. Likimeguka na kuacha ungaunga, liache. Kama kava halina zipu, omba kuona kipande cha sampuli. Mimi kava lisilofunguka halinipi imani, na nasema hivyo kama mshonaji.

Halafu uzito si ugumu. Sponji linaweza kuwa zito na bado laini, kama yale yanayobaki na alama ya mkono ukiyabonyeza. Hayo yanasifiwa sana, ila hulainika kwa joto la mwili, na kwa mzito wa kifudifudi yanaachia kiunoni hasa saa ile umeshalala fofofo. Kwa usiku wa Dodoma wa Oktoba na Novemba, yanachoma pia. Hata lile tabaka laini la juu linaloshonewa kama godoro dogo, likizidi inchi moja mimi silitaki.

Kwa hiyo ukishajua uzito, lala. Najua aibu yake. Mwanamke mwenye mwili kulala kifudifudi dukani mbele ya watu si jambo jepesi. Nilivaa dera pana, nikaenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, nikaenda na mume wangu. Nililala dakika kumi na tano, yeye amechuchumaa pembeni akitazama mstari kutoka bega hadi nyonga hadi kisigino. Kwenye la kwanza aliniambia nyonga imeingia chini ya kifua. Kwenye la tatu akasema umenyooka. Bila mtu wa kukutazama, piga picha kwa simu kutoka ubavuni. Na ukiwa njia panda kati ya mawili, chukua lile gumu kidogo, kwa sababu sponji jipya hulegea wiki za mwanzo.

Unene: inchi 8 zinatosha kwa wengi wetu kama sponji ni zito. Chini ya inchi 6 utahisi chaga mbavuni.

Na hizo chaga zenyewe! Nilinunua godoro la pili, zuri, nikaliweka juu ya kitanda kilekile, mgongo ukaendelea kuuma wiki tatu. Nilikaribia kulirudisha. Seremala alipokuja akainua godoro akanionyesha: chaga tisa tu, za msonobari mwembamba, zimepishana shibiri nzima, na tatu za katikati zimepinda. Kitanda kilikuwa kimelitengenezea godoro jipya bonde lake. Akaongeza chaga, nafasi kati yake zikawa upana wa vidole vinne, akaweka boriti ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Ikiwa utatandika mbao nzima ya plaiwudi badala ya chaga, itoboe matundu mengi, maana jasho linashuka chini na lisipopata pa kutokea sponji linaota ukungu, hasa miezi ya mvua.

Kwa wanandoa wenye uzito tofauti kama sisi, kuna njia ninayowashonea wateja siku hizi: magodoro mawili ya futi tatu kwa sita, la kwake na la kwako, kila mtu ugumu wake, ndani ya kava moja. Yanakuwa sita kwa sita. Hakuna anayemteremkia mwenzake.

Mto nao unaharibu kazi ya godoro. Mto mnene unavunja shingo inayogeukia upande. Mimi natumia kanga mbili zilizokunjwa ndani ya foronya, basi. Nyingine moja nimeikunja na kuiweka chini ya nyonga, inanyanyua kiuno kidogo sana, na asubuhi nasikia tofauti.

Kuhusu kutunza: ligeuze kichwa kuja miguuni kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kava liwe la pamba, amerikani nzito inafaa, lenye zipu, ufue vumbi letu la Juni hadi Agosti. Sponji tupu usilianike juani. Jua linalifanya njano na kulivunjavunja. Liegemeze kivulini penye upepo.

Na kama maumivu yanashuka mguuni, au vidole vinakufa ganzi, usitafute godoro, nenda hospitali kwanza. Mimi nilichelewa kwenda, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenieleza yale ya nyonga kuzama niliyokueleza juu.

Kila baada ya miezi sita nalivua kava, navuta uzi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine pale kiuno kinapolala, na kupima nafasi kati ya uzi na sponji. Ikifika sentimita tatu, godoro limekwisha, hata kama kava lingali linang'aa. Langu sasa lina miaka mitatu na uzi unaligusa katikati.