Maswali na Majibu: Muziki kwa Kompyuta ya Analogi

Kompyuta ya analogi hukokotoa kwa volti zinazobadilika mfululizo, si kwa tarakimu. Ndani yake mna intigreta, ambazo hulimbikiza volti kadiri muda unavyopita, vijumlishi, vizidishi, vilinganishi na poti (rezista za kitasa) za kuweka vizigeu, yaani namba za kuzidishia. Unaunganisha sehemu hizo kwa waya kufuata mlinganyo, na volti inayotoka unaweza kuisikiliza. Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji waliokwisha kuanza. Katika majibu yote, kipimo kamili cha mashine ni volti 10 upande wa chanya na 10 upande wa hasi, nasi tunakihesabu kama 1.

SWALI: Nimeunganisha intigreta mbili na kigeuza ishara kimoja (kinachobadili chanya kuwa hasi) kwenye mzunguko ili nipate wimbi sini. Nikitumia kapasita kubwa, sauti inafifia mpaka inakufa. Nikitumia ndogo, inakua yenyewe mpaka inaanza kukwaruza. Nimekosea wapi?

JIBU: Waya zako ziko sawa. Ungesahau kigeuza ishara usingesikia mlio wowote. Volti ingekimbilia mwisho wa kipimo na kukwama huko. Unachokiona ni kasoro za vifaa. Kwenye karatasi, mzunguko huo hutoa wimbi lisilokua wala kupungua, lakini hakuna kitu ndani ya mashine kinacholishikilia wimbi kwenye ukubwa mmoja. Frikwensi ikiwa ya chini, uvujaji wa kapasita na uwezo wenye kikomo wa opampu (kikuza volti kilicho ndani ya kila intigreta) hulipunguza. Ikiwa ya juu, opampu huchelewa kidogo kujibu, na ucheleweshaji huo katika mzunguko wa namna hii hulilisha wimbi likakua.

Dawa ni kuliacha likue kidogo kwa makusudi, kisha kulizuia. Chukua tokeo la intigreta ya kwanza, ligeuze ishara, lipitishe kwenye poti iliyowekwa 0.01, ulirudishe kwenye ingizo la intigreta hiyohiyo. Hapo una uhakika kwamba mlio utaanza na hautakufa. Kisha, kutoka kwenye tokeo lilelile, bila kugeuza ishara, rudisha waya mwingine hadi kwenye ingizo (ile nukta ya kujumlishia ya opampu) kupitia dayodi mbili za zena za volti 6.8 zilizopangwa mfululizo zikielekeana, pamoja na rezista ya 330 kΩ. Wimbi likipanda, dayodi huanza kupitisha na kulirudisha nyuma. Litatulia mahali fulani kati ya volti 7 na 9. Usiondoe rezista ile: bila yake dayodi hukata kilele ghafla, na sini yako inapata ukali ambao hukuuomba.

Kwa noti ya 440 Hz, kapasita ya 10 nF inadai rezista ya 36.2 kΩ, kwa kuwa frikwensi ni 1 kugawanya kwa 2πRC (R ni rezista, C ni kapasita). Weka 33 kΩ ya kudumu pamoja na poti ndogo ya bisibisi ya 5 kΩ kwenye kila intigreta. Utaweza kutuni kuanzia 419 hadi 482 Hz, nafasi inayotosha kufidia kapasita zenye tofauti ya asilimia 5. Aina ya kapasita ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tumia polipropilini, polistairini au seramiki ya C0G. Seramiki ya X7R hubadilisha thamani yake kadiri volti inavyopanda, hivyo kila wimbi hupindwa kidogo, na pia hunasa mitikisiko ya meza. Opampu ya TL074 inafaa vizuri hapa kwa sababu ingizo lake halinyonyi mkondo wa kuonekana.

SWALI: Naweza kuchomeka tokeo la kompyuta moja kwa moja kwenye kadi ya sauti?

JIBU: Hapana. Wimbi sini la kipimo kamili lina volti 7.07 RMS (kipimo cha nguvu yake ya wastani), wakati ingizo la kawaida la vifaa vya nyumbani hutarajia takriban 0.316. Tengeneza kigawanyi cha rezista mbili: 10 kΩ kutoka kwenye tokeo, kisha 470 Ω kwenda volti sifuri. Katikati yake utapata 0.317 V. Kutoka hapo pitisha kwenye kapasita ya 10 µF isiyo na upande, ili volti tuli isifike kwenye spika. Ikikutana na ingizo la 10 kΩ, inakata kuanzia 1.6 Hz tu kushuka chini.

Kumbuka kwamba kadi nyingi za sauti nazo hukata volti zinazokwenda polepole. Ukitaka kurekodi wimbi la sekunde 4 la kuongozea sintesaiza, kadi hiyo itakuletea mstari bapa. Volti ya namna hiyo ipeleke moja kwa moja kwenye ingizo la udhibiti la sintesaiza, baada ya kuangalia kikomo cha volti kwenye kitabu chake.

SWALI: Nataka kusikia mfumo wa Lorenz. Nimejaribu mara kadhaa, taa ya kuzidiwa inawaka au sauti inanyamaza. Nipeni mpangilio kamili.

JIBU: Milinganyo ambayo Edward Lorenz aliichapisha mwaka 1963, alipokuwa akichunguza mwendo wa hewa inayopashwa joto kutoka chini, ina vigeu vitatu na vizigeu 10, 28 na 8/3. Kama ilivyo haiingii kwenye mashine, kwa sababu x hufika karibu 20, y karibu 27, na z karibu 48. Lazima upime upya kabla ya kugusa waya. Anayeruka hatua hii huona taa ya kuzidiwa ikiwaka, na kilichozidiwa hapo ni mlinganyo wenyewe: mashine inakuwa inatatua kitu kingine kabisa, hata kama sauti inayotoka inavutia.

Gawanya x kwa 25, y kwa 30, z kwa 50, kisha punguza kasi mara 50 ili vizigeu vyote viwe chini ya 1. Unapata (X, Y na Z ni x, y na z zilizokwisha kupimwa upya):

X hubadilika kwa 0.24Y − 0.20X
Y hubadilika kwa 0.467X − 0.02Y − 0.833XZ
Z hubadilika kwa 0.30XY − 0.053Z

Intigreta hugeuza ishara, na ukiutumia ugeuzaji huo vizuri utahitaji kigeuza ishara kimoja tu. Panga hivi. Intigreta ya kwanza itoe X: iingizie −Y kupitia poti ya 0.24, na tokeo lake lenyewe kupitia 0.20. Ya pili itoe −Y: iingizie X kupitia 0.467, tokeo lake lenyewe kupitia 0.02, na −XZ kupitia 0.833. Ya tatu itoe Z: iingizie −XY kupitia 0.30, na tokeo lake lenyewe kupitia 0.053. Kizidishi cha kwanza kinachukua X na −Y, na hapo −XY inakuja bila kazi ya ziada. Kizidishi cha pili kinachukua X na Z iliyogeuzwa ishara. Jumla ni intigreta 3, vizidishi 2, poti 7 na kigeuza kimoja. Mashine ndogo ya The Analog Thing, yenye intigreta 5, vizidishi 2 na poti 8, inautosha mpangilio huu na kubakiza nafasi. Ukijijengea mwenyewe kwa AD633, kizidishi hicho tayari hugawanya zao kwa volti 10, kwa hiyo usiongeze kigawanyi kingine.

Poti ziwekwe zikiwa zimeunganishwa, si zikiwa huru. Poti ya 10 kΩ iliyowekwa katikati husoma 0.500 ikiwa peke yake. Ukiiunganisha na ingizo la 100 kΩ hushuka hadi 0.488. Makosa ya ukubwa huo kwenye poti saba yanaweza kuusogeza mfumo kuelekea ukimya, na tunashuku yamechangia ukimya wako. Ipe poti volti 10, pima kwa mita upande wa pili huku waya wake wa tokeo ukiwa umechomekwa, ndipo urekebishe. X nayo ianzie 0.1, kwa sababu zote zikianza sifuri, mfumo unaweza kukaa pale ukisubiri kelele ya vifaa iusukume.

Kwa R ya 10 kΩ na C ya 10 nF, mizunguko itakuwa karibu na 260 Hz. Badilisha ziwe 100 kΩ na 1 µF, na mzunguko mmoja utachukua takriban sekunde 4, mwendo mzuri wa kusogezea filta. Sikiliza Z kwanza. Ina kitu kinachokaribia noti, kwa sababu huzunguka kwa mwendo uleule katika mabawa yote mawili ya mfumo (pande mbili ambazo mfumo huzizunguka). X huruka kutoka bawa moja hadi jingine bila ratiba, kwa hiyo utasikia mngurumo na kelele. Peleka Z kushoto na X kulia.

Poti ya kuchezea ni ile ya 0.467. Ishushe polepole kuelekea 0.412: chini ya hapo (sawa na 24.74 badala ya 28) mfumo una mahali pa kutulia. Karibu na mpaka huo sauti huhangaika kwa muda usiotabirika, kisha huangukia kwenye noti moja safi inayofifia. Irudishe juu, na fujo inaanza upya. Kwa maoni yetu hakuna kitasa kingine kwenye mashine hii chenye muziki mwingi kiasi hicho. Kuipandisha juu zaidi ni jambo jingine: Z tayari inakaribia kipimo kamili, kwa hiyo ukitaka kuzidi 0.5 rudi kwenye karatasi upime upya.

SWALI: Osileta yangu (mzunguko wa kutoa mlio) ya vizidishi viwili iko kwenye tuni noti za juu, lakini za chini zinateleza. Nimeshatuni mara nyingi.

JIBU: Kizidishi kwenye kila intigreta hufanya frikwensi ifuate volti kwa uwiano wa moja kwa moja. Ikiwa volti 10 ni 880 Hz, basi 5 ni 440, 2.5 ni 220 na 1.25 ni 110. Sasa tuseme kizidishi kina hitilafu ya milivolti 5 tu, ambayo ni sawa na 0.44 Hz. Kwenye 880 hiyo haifiki senti moja, nayo nusu toni ina senti 100. Kwenye 110 inakuwa karibu senti 7, na sikio linaanza kulalamika. Kwa hiyo tuni noti ya chini kwa kurekebisha sifuri ya vizidishi, halafu noti ya juu kwa kizigeu, urudie mpaka zote mbili zitulie. Kwa besi usiteremke kwa volti; ongeza kapasita kutoka 10 nF hadi 40 nF, na oktavu mbili zinashuka huku volti zikibaki kubwa.

Kinanda cha volti 1 kwa oktavu hakitaelewana na osileta hiyo bila kigeuzi cha kielelezo katikati (kinachofanya frikwensi iwe maradufu kwa kila volti moja), nacho kina adha yake: transista zake hubadilika takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa oktavu tatu hizo ni senti 12 kwa nyuzi moja. Weka rezista ya fidia ya 3300 ppm (sehemu kwa milioni) kwa kila nyuzi ikiwa imegusana na jozi ya transista, na uache mashine ipate moto nusu saa kabla ya kutuni.

SWALI: Nawezaje kupata mlio wa ngoma au kengele?

JIBU: Tumia mzunguko ule wa sini, lakini badala ya kuulisha ukue, uongezee upungufu: rudisha tokeo la intigreta ya kwanza kwenye ingizo lake bila kugeuza ishara, kupitia kizigeu d. Muda wa mlio kushuka desibeli 60 ni 13.8 kugawanya kwa d mara 2πf. Ngoma ya 200 Hz inayodumu sekunde 0.3 inahitaji d ya 0.037. Kengele ya sekunde 1.5 inahitaji 0.0073, na hapo poti ya kitasa kinachozunguka mara moja tu haikubali kuwekwa kwa usahihi. Pitisha njia hiyo kwenye rezista kubwa mara kumi kuliko ingizo la kawaida, kisha uweke poti 0.073.

Pigo lenyewe liwe pulsi (mruko mfupi wa volti) ya milisekunde 1 au 2. Wengi huweka pulsi ndefu wakidhani itapiga kwa nguvu zaidi. Kwa 200 Hz, pulsi ya milisekunde 5 inalingana na mzunguko mmoja kamili: mwanzo wake unalisukuma wimbi na mwisho wake unalirudisha, na karibu hakuna kinachobaki kusikika.

SWALI: Nikitumia hali ya kurudia (mashine inaanza hesabu upya kila mara) ili nipate mdundo, kila mwanzo una mlio wa "tak". Nauondoaje?

JIBU: Hiyo ni volti inayoruka kutoka ilipofika hadi thamani ya kuanzia. Anzisha kigeu unachokisikiliza kwenye sifuri na uweke thamani ya kuanzia kwenye kile kingine. Mruko wa mwishoni utabaki ikiwa wimbi halijafifia, kwa hiyo ongeza d au refusha muda wa kuendesha. Hakikisha pia muda wa kurudisha unatosha: kapasita ya 1 µF inayojazwa kupitia 10 kΩ hudai milisekunde 50 ili ifike ndani ya asilimia 1. Kwa midundo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa kila mdundo, kwa hiyo zinakubakia 450 za kuendesha.