Beringi za mkono wa nyuma kufa kila miezi michache: angalia bushi ya ndani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema pikipiki yako ya porini, unayopita nayo Konde na msitu wa Ngezi hadi Makangale, hapa Pemba, imekula seti 3 za beringi za mkono wa nyuma, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, ndani ya mwaka 1, na kila mara fundi anakwambia beringi za siku hizi ni feki. Feki zipo kweli. Lakini seti 3 zikifa kwa namna moja, mie siangalii tena beringi, naangalia kilichokaa jirani nayo. Yamenikuta hayo hayo, na pesa iliyoniteketea kabla ya kuyajua si ndogo.

Mie nanunua mwani. Nazunguka Kiuyu, Micheweni na Tumbe, gunia 2 ubavuni na 1 nyuma ya kiti. Mwani hata uanikwe vipi una chumvi yake, na mvua ikikukuta njiani gunia linavuja, maji yanateremka mpaka pale mkono unapoungana na fremu. Baada ya seti ya pili kufa nikaamua kufungua mwenyewe uani kwangu, niione kwa macho.

Boliti kubwa ilitoka kwa tabu, kutu imeikamata katikati. Nikavuta bushi ya ndani, lile bomba la chuma ambalo boliti inapita ndani yake na beringi inazungukia juu yake. Ilikuwa na mistari iliyonyooka, imepangana kama meno ya chanuo, upande mmoja tu. Ukipitisha ukucha unakwama. Zile sindano za beringi, vijiti vyembamba vya chuma, zikanimwagikia kiganjani pamoja na maji ya rangi ya chai. Nyengine zimekatika vipande viwili. Beringi hiyo ilikuwa na miezi 4 tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Beringi ya gurudumu inazunguka mzunguko mzima, grisi inatembea nayo. Ya mkono wa nyuma haizunguki, inainuka na kushuka kidogo tu. Sindano zile zile zinakaa pahala pale pale na kugonga chuma kile kile, na grisi ikishasukumwa pembeni hairudi. Chumvi ikiingia hapo, bushi inachimbika. Fundi akija akabadilisha beringi peke yake na bushi ya zamani akairudisha, sindano mpya zinapanda juu ya mashimo ya zamani. Hazina umri. Naamini kwako ndiyo hivyo, kwa sababu katika maelezo yako yote hukutaja bushi hata mara moja.

Mie nilipolijua hilo nikafanya kosa jengine. Bushi peke yake sikuipata dukani, nikaenda kwa mkereza chuma. Akanikerezea nzuri, inang'ara. Ikadumu miezi 3. Bushi ya asili imepikwa ikawa ngumu. Ukiipitishia tupa, tupa inateleza. Yangu ya kukereza tupa ilikuwa inaila kama sabuni. Tena ilikuwa fupi kwa kama milimita 1, na hiyo milimita usiidharau. Bushi lazima itokeze kidogo kila upande, ili nati ikikazwa fremu iibane bushi, si mkono wenyewe. Ikiwa fupi, fremu inaukaba mkono na sili, zile pete za mpira za kuzuia maji na tope, zinasagika. Fundi akiona mkono mgumu anailegeza nati kidogo ili uinuke, na pale pale umeshapata mchezo, yaani mkono unacheza-cheza ubavuni, na njia ya maji. Sasa sinunui beringi bila bushi, sili na washa zake. Mara ya mwisho nilisubiri wiki 3 vitu viletwe kutoka Dar, nikapanda daladala wiki zote hizo, na sijutii.

Kabla hujanunua kitu, hakikisha ugonjwa. Weka kreti la soda chini ya injini mpaka tairi la nyuma liinuke. Usitikise tairi, maana beringi za gurudumu zikiwa mbovu zitakudanganya. Shika ncha za mkono wenyewe, mtu mwengine akamate fremu, usukume kushoto na kulia. Ikigonga, ni hapo. Ukiinua juu ikagonga, lakini ubavuni imetulia, tazama viungo vya chini ya shokapu, navyo vina beringi ndogo za namna hiyo hiyo na vinakaa chini zaidi, kwenye tope.

Boliti ikikwama usiipige nyundo uzi wake ukiwa wazi. Irudishe nati mpaka iwe sawa na ncha, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale usiku mzima, ndipo ugonge juu ya nati. Kabla ya kutoa beringi ya zamani pima imezama kiasi gani. Mie nakata kipande cha boksi na kuweka alama. Ikizidi kuzama sindano zinakwenda pasipo na bushi nzima, ikipungua sili haikai.

Kuingiza mpya, nyundo weka mbali kabisa. Kile kikombe cha beringi ni bati jembamba, ukikigonga kinapinda na sindano zinabana. Beringi naiweka kwenye friji ya barafu tangu usiku, mkono naumwagia maji yanayochemka, halafu naivuta ndani taratibu kwa boliti ndefu, nati na washa 2 kubwa. Upande wenye maandishi ndio unaosukumwa, kwa sababu ndio mgumu. Nati ya mwisho kaza kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha pikipiki yako. Usikisie.

Kuhusu grisi tuna bahati, tumezungukwa na wavuvi. Maduka ya vipuri vya mashine za boti huwa na grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhimili maji ya chumvi. Hiyo ndiyo yenyewe. Safisha kwanza ya zamani yote kwa mafuta ya taa, ukaushe kabisa, maana grisi za aina 2 zikichanganyika huweza kulainika na kuvuja. Jaza katikati ya sindano kwa kidole mpaka itokeze, paka midomo ya sili, paka na boliti nzima ili mara nyengine isikusumbue. Sili yenye mdomo uliochanika itupe hata kama imebakia nusu nzima.

Jengine la kuangalia ni cheni. Sproketi ya mbele, kiungo cha mkono na ekseli ya nyuma vikiwa kwenye mstari mmoja, cheni inakuwa katika mvuto wake mkubwa. Ukiikaza wakati pikipiki imesimama tupu, siku unapopakia inajivuta kama uzi wa zeze na beringi ndizo zinazobeba. Ipime mkono ukiwa kwenye mstari huo, ibakie na ulegevu.

Na ile pampu ya kuoshea. Nawaomba vijana wa kuosha waisogeze mbali na kiungo kile, namaliza mwenyewe kwa ndoo na kitambaa. Siku za mwani naosha kwa maji matamu jioni ile ile, siachi mpaka asubuhi.

Wenye pikipiki za bodaboda wasilichukue hili zima zima: nyingi zina bushi za mpira, hazitaki grisi, mpira utaoza. Hizo nati yake ikazwe pikipiki ikiwa imesimama chini kwa magurudumu yake, si mkono ukining'inia, kama sivyo mpira unabakia umesokotwa na kupasuka mapema.

Hivi sasa nafungua mara 2 kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Seti niliyonayo ina zaidi ya mwaka. Nilipofungua mara ya mwisho grisi ilikuwa bado buluu na bushi ina alama ya kung'ara tu, ukucha haukwami. Wewe fungua, pitisha ukucha na tupa kwenye bushi yako, pima na urefu wake ukilinganisha na upana wa mkono pamoja na washa, halafu niandikie hapa umeona nini.