Kwa mgeni wa parokia: Anza na Jumamosi

Nilihamia Dar es Salaam kikazi nikiwa na cheti cha ubatizo ndani ya bahasha, na kwa mwaka mzima niliamini kwamba cheti hicho, pamoja na Misa ya kwanza ya kila Jumapili, vilitosha kunifanya mwanaparokia. Nilikaa benchi lile lile la nyuma, nikatoa sadaka, nikapeana amani na watu nisiowajua majina, na matangazo yalipokuwa yakisomwa mimi nilikuwa tayari kituoni nikisubiri daladala. Siku nilipokwenda kuomba mtoto wangu abatizwe, katibu wa parokia aliniuliza swali moja tu: "Unasali jumuiya gani?" Alimaanisha Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja majumbani. Sikuwa na jibu. Nilikasirika, nikaona kwamba nawekewa urasimu mbele ya sakramenti, na ilinichukua muda kukubali kwamba swali lilikuwa la haki.

Ninyi mnaohamia parokia mpya kwa sababu ya masomo, kazi au ndoa, msisubiri hadi mhitaji barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndipo muitafute jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika ukanda wetu, na sababu yake utaiona ukisimama mlangoni mwa kanisa lolote la mjini watu wakitoka Misa: paroko na msaidizi wake hawawezi kujua nani amelazwa, nani amefiwa na nani ameacha kusali, lakini mama anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwako anajua. Mwulize katekista mtaa wako uko chini ya jumuiya ipi na wiki hii wanasali kwa nani, kisha uende. Kwetu ni Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Ukifika, toa "Tumsifu Yesu Kristo", jitambulishe jina, ulikotoka na unapoishi, na kama parokia yako ya zamani ilikupa barua ya utambulisho, mkabidhi mwenyekiti. Hakuna atakayekuhoji zaidi ya hapo, ingawa akina mama watataka kujua kama umeoa.

Kinachofanyika hapo ndicho nilichokuwa nimekidharau. Tunasoma Injili ya Jumapili ya kesho yake kwa njia ya hatua saba, iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, na mojawapo ya hatua hizo humtaka kila mmoja arudie kwa sauti neno au fungu dogo lililomgusa, bila maelezo yoyote, kabla watu hawajakaa kimya na hatimaye kushirikishana. Mara yangu ya kwanza somo lilikuwa la yule mwenye kupooza katika sura ya pili ya Marko. Mimi nilikwisha kuandaa kichwani mahubiri mafupi juu ya ondoleo la dhambi. Bibi mmoja anayeuza maandazi pale njia panda akasema neno moja: "Wanne." Akanyamaza. Baada ya kimya akaeleza kwamba mgonjwa yule alibebwa na watu wanne, na kwamba Injili inasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale waliombeba. Basi yeye alikuwa akijiuliza, siku akishindwa kusimama, wanne wake ni akina nani. Mahubiri yangu niliyameza. Tangu hapo nawasihi wageni waseme "mimi" wanaposhirikisha, wala wasiseme "sisi Wakristo tunapaswa", kwa maana kwenye mkeka ule hakuna aliyekuja kufundishwa na jirani.

Habari ya michango siwezi kuiruka, kwa kuwa ndiyo inayowafukuza wengi. Mbali na zaka kuna ujenzi, rambirambi, sherehe ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, na zawadi za watoto wa Kipaimara, na kijana aliyeanza kazi juzi anaweza kuona kwamba amejiunga na chama cha kukopeshana. Toa unachoweza, hakikisha mhasibu amekiandika kwenye daftari mbele yako, na usipokuwa nacho mwone mwenyekiti faraghani, lakini usiache kuja. Wapo viongozi wanaosoma majina ya wadaiwa mbele ya watu. Mimi naona ni kosa, nimelisema kikaoni, na bado tunabishana.

Vyama vya kitume, yaani WAWATA cha wanawake, UWAKA cha wanaume, VIWAWA cha vijana na vinginevyo, pamoja na kwaya, viendee taratibu, kimoja kikishakuzoea ndipo utazame kingine. Zamu ya usafi wa kanisa, kinyume chake, usiikose hata mara moja. Majina ya watu niliyajua nikipiga deki na kubeba ndoo kutoka bombani, kwa sababu mtu mwenye tambara mkononi husema mambo ambayo hasemi akiwa amevaa suti.

Wakati huo wote imani yangu ilikuwa kavu, na sidai kwamba ilirudi kwa kishindo. Baba yangu alipofariki, usiku mmoja kabla sijapanda basi la Songea, jumuiya ilijaa sebuleni kwangu hadi kibarazani, wengine wakiwa wamekaa juu ya viatu vyao. Walianza rozari. Nilifika katikati ya Salamu Maria ya kwanza sauti ikanikauka, nami nikabaki nimeshika tasbihi tu, na yule bibi wa maandazi, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaongeza sauti yake kidogo na kuendelea hadi fumbo la tano bila kunitazama.

Jumamosi ijayo zamu ni ya kwangu. Nimeazima mkeka wa pili, maana mwezi uliopita mgeni mmoja alikosa pa kukaa akasali amesimama mlangoni.